Nimeumia kiuno ndani ya shimo la pampu: je, ni kweli niliinua vibaya?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 36, ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari. Kiwanda kimesimama kwa matengenezo ya masika. Wiki mbili zilizopita niliingia kwenye shimo la pampu ya maji machafu kung'oa pampu iliyoharibika. Shimo lina kina cha kama mita mbili, ila mabomba yamepita juu yake, kwa hiyo ukiwa chini huwezi kusimama; unachuchumaa au unapiga goti. Bolti zilikuwa zimeganda, nikahangaika nazo karibu saa nzima. Zilipotoka nikaikumbatia pampu, kama kilo 40 hivi, nikageuka nayo upande na kuisukuma juu mwenzangu aipokee. Hapo nikasikia "ka!" kiunoni, nikabaki nimejikunja. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka kwenye kalio la kushoto mpaka nyuma ya paja. Chini ya goti hayafiki. Fomeni anasema niliinua vibaya ilhali tulishafundishwa, kwa hiyo sijaandikisha ajali. Wenzangu wananiambia ninunue mkanda wa kufunga kiunoni. Duka la dawa wamenichoma sindano mara mbili. Naomba kujua: nipige picha ya MRI? Nitapona? Na mtu anaukinga vipi mgongo mahali ambapo hata nafasi ya kukunja magoti vizuri haipo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Nitakujibu yote uliyouliza, ila sitafuata mpangilio wako, maana kuna jambo moja lazima tulimalize leo kabla ya mengine.

Vua viatu. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Kisha rudi ukitembea kwa ncha za vidole. Ukiona unyayo wa kushoto unaangukia sakafuni unapotembea kwa kisigino, au mguu huo unashindwa kukuinua kwa vidole wakati wa kulia unaweza, basi kuna neva imebanwa kwenye pingili za chini, na daktari akuone ndani ya wiki hii. Baada ya hapo jiulize mambo ambayo wanaume wengi huona aibu kuyataja. Je, kuna ganzi sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli, yaani katikati ya mapaja, sehemu za siri na njia ya haja kubwa? Mkojo unatoka kwa shida, au unavuja bila wewe kujua? Haja kubwa inakuponyoka? Nguvu za kiume zimepotea ghafla tangu siku ile? Miguu yote miwili inalegea? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa kwa namna hiyo, upasuaji wa mapema ndio unaookoa mkojo na miguu, na ukichelewa hasara huwa haina marejesho.

Kwa nchi zetu hizi kuna maswali mengine ninayomuuliza kila mgonjwa wa mgongo hata akija na ushahidi wa kuinua mzigo. Una homa za jioni, jasho la usiku, uzito unapungua, kikohozi hakiishi? Umewahi kuugua kifua kikuu au kuishi na mwenye nacho? TB hupenda kujificha kwenye pingili za mgongo, na inaweza kukaa miezi mingi nyuma ya maelezo ya "niliinua kitu kizito kazini". Ukiwa na dalili hizo, mwambie daktari waziwazi.

Kama hayo yote hayapo, basi kwa maelezo yako una jeraha la kawaida la kiuno. Maumivu yanayoishia juu ya goti mara nyingi hutoka kwenye diski yenyewe (ule mto ulio kati ya pingili na pingili), viungo vidogo vya pingili, kano au misuli. Neva iliyobanwa kwa kawaida hupeleka maumivu makali kama ya umeme chini ya goti, mpaka kwenye unyayo au kidole gumba, tena yakiwa na ganzi. Wewe huna hayo, na hiyo ni habari njema.

Sasa turudi kwa fomeni, maana nadhani neno lake limekuumiza zaidi ya pampu. "Uliinua vibaya." Nimelisikia neno hilo kwa wagonjwa wa viwandani, bandarini na migodini, na kwa kazi kama yako halisimami.

Tuanze na ile saa nzima ya bolti. Ulikuwa umechuchumaa, mgongo umekunjika mpaka mwisho, mikono mbele, spana mkononi. Mgongo ukikaa hivyo kwa muda mrefu, kano za nyuma ya pingili zinavutika taratibu na kulegea, na misuli inayopaswa kuzisaidia inachoka na kuchelewa kuitika. Maji na ute wa ndani ya diski nao unasukumwa kuelekea nyuma, upande ambao ukuta wake ni mwembamba zaidi. Hali hiyo haiishi mara tu unapobadili mkao. Baada ya dakika 20 za kujikunja kabisa, dakika mbili za kunyooka hurudisha takriban nusu tu ya ugumu wa kawaida wa viungo vya mgongo, na hata nusu saa baadaye kunabaki ulegevu kidogo. Wewe ulijikunja karibu saa nzima, kisha bolti ya mwisho ilipoachia tu, ukaikumbatia pampu papo hapo. Mgongo ulionyanyua zile kilo 40 haukuwa ule ulioingia nao shimoni.

Halafu kuna pampu yenyewe. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya kiuno, vilivyochukuliwa kwa kipimo kidogo kilichoingizwa ndani ya diski ya mtu aliyejitolea. Akiwa amesimama tu, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5. Alipoinua kilo 20 akiwa amejikunja mgongo, lilipanda hadi 2.3. Alipoinua kilo hizohizo kwa kukunja magoti, kama mabango ya kiwandani yanavyoelekeza, lilikuwa 1.7. Unaona? Kukunja magoti kunasaidia, sibishi, lakini bado shinikizo ni zaidi ya mara tatu ya kusimama. Na huyo alikuwa na kilo 20, kwenye sakafu kavu, hakuna bomba juu ya kichwa chake.

Kuna kanuni inayotumiwa sana duniani kupima uzito wa kuinua kwa mikono, ile ya NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991. Inaanzia kilo 23. Huo ndio uzito wa juu kwa hali nzuri kabisa: umesimama wima, mzigo uko karibu na mwili, hakuna kugeuka, unarudia mara chache. Kisha unaanza kupunguza. Mikono ikiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, unakata nusu: inabaki kilo 11.5. Ukigeuka upande kwa nyuzi 45, inashuka hadi chini kidogo ya kilo 10. Bado hujahesabu kwamba unainua kutoka chini kabisa kwenda juu ya kichwa. Waliotunga kanuni hiyo waliandika pia, bila kuficha, kwamba isitumike kwa mtu anayeinua akiwa amepiga magoti au ameketi, wala mahali penye nafasi finyu, kwa kuwa huko mahesabu yake hayamlindi mtu. Kwa hiyo hata zile kilo 10 zisizofika robo ya pampu yako ni za mtu mwenye nafasi ya kusimama.

Huko Marekani kuna migodi ya makaa ya mawe ambayo dari yake iko chini kiasi kwamba mchimbaji anafanya kazi kwa magoti siku nzima. Watafiti waliowapima wachimbaji hao waligundua kwamba aliyepiga magoti uwezo wake wa kuinua unapungua kuliko hata aliyeinama kwa miguu. Sababu ni rahisi: ukipiga magoti, mapaja na nyonga, ambazo ndizo zenye nguvu kubwa mwilini, haziingii kazini. Kiuno kinabaki peke yake. Ndiyo maana mafunzo ya "kunja magoti, nyoosha mgongo" yanapopelekwa kwenye shimo lenye bomba juu hayana kazi. Hata nje ya mashimo, tafiti nyingi zilizowafuatilia wafanyakazi waliofundishwa namna ya kuinua, bila kubadilishiwa kazi yenyewe, hazikuona majeraha yakipungua kwa maana.

Kwa hiyo jibu langu kwa fomeni ni hili: katika shimo lile hapakuwa na namna nzuri ya kuinua kilo 40. Kosa lilitendeka juu, kabla hujashuka, pale kazi ilipopangwa kwa kutegemea kiuno cha mtu.

Kuhusu matibabu nitakuwa mfupi zaidi, kwa sababu kwa jeraha la aina yako tiba iliyo bora ni ya kawaida sana. Wagonjwa walio wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Usilale kitandani siku nzima. Kulala kunadhoofisha misuli na kurefusha maumivu. Tembea, mara nyingi na kwa muda mfupi, dakika kumi kumi, ukiongeza kadiri unavyozoea. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa kutembea na kushuka baada ya muda, hiyo si dalili ya kuharibika. Usiku lala ubavu ukiweka mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Asubuhi, ile saa ya kwanza baada ya kuamka, epuka kuinama: diski zinakuwa zimevuta maji usiku kucha, zimejaa, na kuinama wakati huo kunazibana kuliko saa nyingine yoyote. Funga viatu ukiwa umeweka mguu juu ya kiti, na ndoo ya maji ya kuoga abebe mtu mwingine kwa sasa.

Sindano za duka la dawa ziache. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa vidonge inafanya kazi ileile, na sindano ya kalioni ikichomwa vibaya inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu, ukatoka na tatizo kubwa kuliko uliloingia nalo. Uliza pia walikuchoma nini hasa. Wengine huchanganya na deksamethasoni, dawa isiyofaa kutolewa ovyo. Ukitumia diklofenaki au ibuprofeni, tumia siku chache, baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo, usiguse bila daktari. Kazi ya joto kali pamoja na dawa hizi na maji kidogo ni mchanganyiko mbaya kwa figo, na viwanda vya sukari vina joto. Parasetamo peke yake isikupe tumaini kubwa: utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno haikuharakisha kupona kuliko kidonge kisicho na dawa.

MRI usipige sasa. Si kwa sababu ya gharama tu, ingawa najua ni pesa nyingi. Picha hiyo itaonyesha kitu, karibu nakuhakikishia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta kwamba hata kwa watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, asilimia 30 wana diski iliyotutumka, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 84. Utapewa karatasi imeandikwa "diski imetutumka, pingili zimeanza kusagika", utaogopa kuinama maisha yako yote, na tiba itabaki ileile. MRI ina maana kama zile dalili za hatari zipo, kama mguu unapoteza nguvu, au kama wiki sita zimepita bila nafuu na upasuaji unafikiriwa.

Mkanda? Usiununue kwa nia ya kujikinga. Tangu mwaka 1994 NIOSH walisema hawakuona ushahidi kwamba mikanda inazuia majeraha kwa mfanyakazi mzima, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo. Hofu yangu kubwa kwako ni kwamba utavaa mkanda, utajiona imara, kisha utaikumbatia pampu nyingine.

Ukienda kuchuliwa, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kukanyagwa mgongoni au kuvutwa na kupindwa wakati diski bado ina jeraha jipya, kataa.

Sasa jambo ambalo usilale bila kulifanya: andikisha ajali. Najua unaogopa kuonekana mzembe. Lakini kama uko Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, haufanyi kazi kwa kutafuta nani alikosea. Kinachoangaliwa ni kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kuinua kwa mkao mbaya hakukuondolei haki. Utovu wa makusudi ndio suala jingine, na kutekeleza kazi uliyopangiwa si utovu. Mchango wa mfuko huo analipa mwajiri, hukatwi wewe. Mwajiri akishapata taarifa yako anatakiwa kuifikisha WCF ndani ya siku saba, na dai lenyewe lina ukomo wa miezi 12 tangu ajali. Mfuko unalipia matibabu, na ukipewa mapumziko ya muda kwa sababu ya ulemavu wa muda, unalipa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Msomaji aliye Kenya atapata mambo yanayofanana na haya kwenye sheria ya fidia za majeraha kazini ya mwaka 2007, WIBA, pamoja na siku zilezile saba za mwajiri.

Majeraha ya mgongo yana tabaka lake la ugumu: hayavuji damu, hayaonyeshi mfupa. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka siku wala pampu. Kwa hiyo andika leo, kwa mkono wako: tarehe, saa, shimo lipi, pampu ipi na uzito wake (bamba la mtengenezaji kwenye mota mara nyingi huwa na kilo zake), mwenzako aliyekuwa juu ni nani, ulikaa muda gani chini, na maumivu yalianza wakati gani. Peleka kwa afisa usalama, ubaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Ukifika kwa daktari, mwambie aandike kwenye faili kwamba uliumia kazini. Wengi husema tu "kiuno kinauma", daktari anaandika hivyohivyo, na baadaye karatasi hiyo inakosa nguvu.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Mgongo unakingwaje mahali pa namna ile?

Unakingwa juu, kabla ya kushuka. Kabla kibali cha kazi hakijasainiwa, mtu aulize: hiki kitu kitatokaje shimoni bila kubebwa? Jibu likikosekana, kazi bado haijawa tayari. Kwa pampu kama yako majibu yapo, tena vifaa vyake kiwandani kwenu vimo. Cheni bloku, ile winchi ya mnyororo, ikining'inizwa kwenye boriti au kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu) juu ya mdomo wa shimo, kilo 40 si kitu. Kama mabomba yanazuia kuvuta wima, zinatumika cheni bloku mbili, moja inapokea kutoka kwa nyingine, na mzigo unahama pembeni kabla ya kupanda. Kama pampu haina mahali pa kufungia, ichomelewe au ifungiwe bolti yenye pete karakana, ibaki nayo daima. Wewe uliye chini kazi yako iwe kufunga mkanda wa kuinulia, kuongoza kwa mkono na kukaa mbali na chini ya mzigo. Mtu wa chini asinyanyue.

Pale ambapo hata cheni bloku haiingii, vunja kitu vipande. Mota kando, kapulingi (kiungio cha mota na pampu) kando, bodi ya pampu kando. Mafundi hawapendi hili kwa sababu linaongeza muda wa kufunga upya na kulinganisha shafti, na wakati wa matengenezo kila saa inahesabiwa. Nalijua hilo. Lakini fundi aliyeumia kiuno anakaa nje wiki sita, na pampu inakuja kulinganishwa na mtu mwingine asiyeijua.

Bolti zilizoganda zinastahili kusemewa peke yake. Watu wengi huumia pale, kabla hata ya kuinua: unavuta spana kwa nguvu zote ukiwa umejipinda, bolti inaachia ghafla, na mwili wote unaruka upande mmoja bila kujiandaa. Mafuta ya kulainisha kutu yamwagiwe jana yake, au asubuhi kazi ikiwa ya mchana. Nati iliyokataa ikatwe; nati ni ya bei ndogo. Tumia mashine ya kufungulia inayoendeshwa kwa upepo pale inapoingia, na usiweke bomba la kurefusha mpini wa spana ukiwa huna mahali pa kukanyaga sawasawa.

Kisha muda. Asikae mtu mmoja chini saa nzima akiwa amejikunja. Badilishaneni kila baada ya dakika 20 au hapo karibu, na hii ni muhimu kuliko yote ya sehemu hii: aliyefungua bolti asiwe yule atakayeshughulika na mzigo. Apande juu, asimame, aweke mikono kiunoni, ajinyooshe kwa nyuma taratibu, atembee, anywe maji. Aliyekuwa juu, ambaye mgongo wake bado haujalegea, ndiye ashuke. Kama mko wawili tu na hakuna wa kubadilishana, pumzikeni nusu saa kati ya kufungua na kuvuta. Kwa magoti tafuteni pedi nene au kipande cha mpira wa mkanda wa konveya, ili mtu aweze kupiga goti moja na kubaki na mgongo ulionyooka badala ya kuchuchumaa.

Nimezungumza mgongo tu, ila siwezi kuzungumzia shimo la maji machafu nikanyamaza kuhusu hewa. Hewa ipimwe kabla ya kila kuingia na kipimo kiendelee kuwaka ndani: oksijeni isishuke chini ya asilimia 19.5, na gesi ya haidrojeni salfaidi itafutwe kwa kifaa, si kwa pua, kwa sababu ikizidi huua uwezo wa kunusa kabla ya kumuua mtu. Kiwanda cha sukari kina molasi na maji yenye sukari yanayochacha, na uchachu huo unajaza kabonidayoksaidi chini ya mashimo. Mwaka 1986 NIOSH waliripoti kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu walikuwa wale walioingia kuokoa. Hili linagusa mgongo moja kwa moja. Siku ile ulibaki umejikunja chini. Ungetokaje kama usingeweza kupanda ngazi? Mwenzako angeshuka. Ndiyo maana anayeingia avae mkanda mzima wa mwili uliofungwa kwenye winchi ya kuokolea watu, na winchi hiyo isitumike kamwe kuinua pampu. Ya mzigo ni ya mzigo, ya mtu ni ya mtu.

Utarudi kazini, ndiyo, na hupaswi kusubiri mpaka maumivu yaishe kabisa. Omba barua ya daktari yenye masharti yanayoeleweka kwa fomeni: kwa wiki nne hadi sita asiingie kwenye shimo, tangi wala boila; asiinue zaidi ya kilo kumi, tena kwa kusimama; afanye kazi za mezani karakana, kama kusafisha beringi, kukagua valvu, kukata gasketi; awe huru kusimama na kutembea kila nusu saa. Ukifika mahali unaweza kutembea nusu saa bila kuchechemea, kuchuchumaa na kuinuka mara kumi bila kushika kitu, na kulala usiku bila kuamshwa na maumivu, hapo tuzungumze kuhusu kushuka tena shimoni. Kiuno kilichowahi kuumia huumia tena kwa urahisi, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa, hivyo usikubali kurudishwa kwenye kazi ileile iliyopangwa vilevile.

Ukizungumza na fomeni, usibishane naye kuhusu nani alikosea. Mpelekee uzito wa pampu ulioandikwa kwenye bamba, mpelekee kilo 23 za NIOSH, na umuulize pampu mpya itashushwaje. Maana ile ya zamani imetoka, lakini kuna nyingine inayopaswa kurudi mahali pake kabla kiwanda hakijaanza kusaga miwa, na nina wasiwasi kwamba wamepanga kuishusha kwa mikono. Mwenzako aliyekuwa juu siku ile ndiye atakayetumwa. Mwambie leo.